Urembo Juu ya Sabuni Mbichi

Sabuni mbichi na sabuni iliyoiva hufanana machoni. Zote ni ngumu, zote hukatika vizuri kwa kisu, zote hutoa povu. Anayezitofautisha ni ngozi, na ngozi ikishajua, mteja ameshalipa na kuondoka. Kwa sababu hiyo nasimulia leo kisa cha fundi mmoja wa Tanga. Fundi huyu ni wa hadithi; makosa yake si ya hadithi. Kila moja ni kosa la kweli, linaloweza kumkuta yeyote aliyeipenda kazi ya sabuni za mapambo kabla hajaambiwa kwamba ukichanganya mbinu, umechanganya na masharti yake.

Fundi wetu alijifunza kazi kwa bibi mmoja wa Ngamiani, mjini humohumo. Bibi alimfundisha njia ya baridi: pima mafuta kwa mizani, pima kostiki soda kwa mizani, mimina kostiki kwenye maji na kamwe usimimine maji kwenye kostiki, acha yapoe, kisha yaunganishe na mafuta na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Mimina kwenye kalibu, funika, kesho kata. Baada ya hapo miche ikae kwenye rafu yenye hewa wiki 4 hadi 6. Kanuni aliyompa ilikuwa ya kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese gramu 400, alizeti gramu 300, na kostiki gramu 144. Ndani ya hesabu hiyo bibi alishapunguza kostiki kwa asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na ngozi ipate ulaini.

Sabuni za fundi zilipendwa mtaani. Zilikuwa nyeupe, hazina mbwembwe, na hazikumwasha mtu. Halafu akaanza kuona picha kwenye simu: sabuni zenye mioyo myekundu inayopitisha mwanga, sabuni zenye tabaka la juu kama kioo na maua ya waridi yamelala ndani yake. Akajua hizo hutengenezwa kwa sabuni ya kuyeyusha, ile inayouzwa ikiwa tayari, ambayo kazi yako ni kuiweka kwenye moto mdogo, kuitia rangi na kuimimina. Akanunua kilo chache, akacheza nazo jioni mbili, akazipenda.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, shangazi wa bi harusi mtarajiwa.

“Mwanangu, nataka vipande 100 vya kugawa kwenye kitchen party. Kama hivi.” Akamwonyesha picha. Mwili mweupe wa sabuni ya baridi, moyo mwekundu katikati, tabaka la kioo juu, maua ndani yake. “Na harufu iwe ya karafuu. Sherehe ni baada ya wiki tatu.”

Fundi alihesabu kichwani. Wiki tatu hazifiki nne. Bibi angesema hapana. Lakini oda ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na kinywa kikatangulia. “Sawa mama, zitakuwa tayari.”

Basi tulitazame kosa moja baada ya jingine, maana kila moja lilizaa lililofuata.

Kwanza ilikuwa sufuria. Ndoo yake ya kazi haikutosha kwa kilo 7 za mafuta, akaazima sufuria kubwa ya jirani, ile ya kupikia pilau. Ilikuwa ya alumini. Alipomimina maji ya kostiki, sufuria ikaanza kuchemka bila moto. Povu likapanda, moshi wenye kuwasha koo ukatoka, na chuma cheupe kikageuka cheusi ndani ya dakika chache. Kostiki hula alumini, na katika kuila hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Hatua chache kutoka pale lilikuwepo jiko la mkaa linalowaka. Siku ile Mungu alimwepusha. Alirudi kwenye ndoo ya plastiki ngumu, akagawa kazi mafungu mawili.

Pili ilikuwa joto. Mioyo aliiandaa vizuri kwa sabuni ya kuyeyusha, akaipanga ndani ya mchanganyiko mweupe, akafunika kalibu kwa blanketi kama alivyofundishwa. Sabuni ya baridi, licha ya jina lake, hujipasha moto yenyewe inapoanza kugeuka. Ikifunikwa, katikati yake inaweza kufika nyuzi 70 na zaidi. Sabuni ya kuyeyusha huanza kulainika chini ya hapo. Asubuhi alipokata mche wa kwanza hakukuta mioyo. Alikuta madoa mekundu yaliyotanda kwenye weupe na mashimo pale mioyo ilipokuwa. Fungu zima likawa hasara, na wiki moja ikawa imekwisha.

Tatu ilikuwa mafuta. Mafuta ya nazi yalikuwa yamemwishia. Dukani yalikuwa ghali, na alizeti ilikuwapo nyumbani. Akaweka alizeti mahali pa nazi yote. Kostiki akaiacha palepale, gramu 144 kwa kilo. Hapa ndipo naomba msomaji asimame nami kidogo. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji kostiki gramu 0.183 hivi ili igeuke yote kuwa sabuni. Mawese huhitaji kama 0.141, na alizeti kama 0.134. Kilo mpya ya fundi wetu, alizeti gramu 600 na mawese gramu 400, ilihitaji kostiki gramu 130 hivi ukishapunguza ile asilimia 5. Hata mafuta yote yangegeuka bila kubaki tone, zaidi ya gramu 6 za kostiki zingebaki katika kila kilo, na katika kilo 7 ni zaidi ya gramu 40. Kosa la muda hutibiwa na subira. Hili la vipimo subira haiwezi kulitibu.

Nne ilikuwa karafuu. Harufu ya karafuu ni ya kwetu, inatoka Pemba na Unguja, na watu wanaipenda. Lakini mafuta ya karafuu yana kemikali ya yujenoli kwa wingi, na yujenoli huharakisha kuganda kwa sabuni ya baridi kuliko karibu harufu zote. Fundi alimimina chupa nzima mwishoni. Mwiko ukagoma mkononi. Mchanganyiko uliokuwa unamiminika ukawa donge, na donge likapata joto. Akalishindilia kwenye kalibu kwa kijiko, akipachika mioyo mipya humo humo, safari hii bila blanketi. Ndani ya donge lile yalibaki mapango ya hewa, na ndani ya mapango mengine maji ya kostiki ambayo hayakukutana na mafuta.

Kama sabuni ile ingebaki vilevile, sura yake ingemwonya. Juu palikuwa na mabonde na nyufa, na mtu angesita kuiuza. Lakini alikuwa na tabaka la kioo mkononi. Kesho yake akayeyusha sabuni angavu, akaimimina juu, mabonde yakajaa, akatawanya maua ya waridi na asumini. Ikapendeza kuliko picha ya kwenye simu. Walahi ilipendeza. Urembo uliofunika nyufa ulifunika pia onyo.

Akakata vipande, na ili vising'olewe maua akavifunga kila kimoja kwa nailoni na utepe. Sabuni ilikuwa na siku kumi tu tangu ichanganywe. Wahenga walisema chema chajiuza, na zile zilijiuza. Shangazi wa bi harusi alipozipokea alizibusu.

Baada ya sherehe, simu zikaanza. Wa kwanza alisema maua yamekuwa kahawia, yanaonekana kama majani ya chai. Wa pili alisema sabuni imetoa jasho ndani ya nailoni, matone yamejaa juu ya kioo. Wa tatu alisema tabaka la juu limebanduka lenyewe na moyo umedondoka kwenye beseni. Hayo ni ya aibu tu. Wa nne alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Alisikia sabuni ya kutengenezwa kwa mikono ni laini kuliko ya kiwandani, akamwogeshea mwanawe. Mtoto alilia, ngozi ya mapajani ikawa nyekundu, wakaamkia zahanati. Muuguzi akamwosha kwa maji mengi, akamtazama, na kwa bahati mtoto akapona bila kovu.

Shangazi akarudi na kapu la vipande vilivyosalia. Hakugomba. Akakaa mkekani akasema, “Mwanangu, mikono yetu inawasha. Niambie ukweli, umetia nini?”

Fundi hakuwa na jibu. Akaenda kumleta bibi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Zi wapi hizo sabuni?”

Bibi alipoingia jikoni hakugusa sabuni kwanza. Dirishani palikuwa na chupa ya maji ya kunywa, nusu yake imejaa kitu kisicho na rangi, kama maji. Akaifungua, hakuinusa, akatumbukiza kipande cha karatasi ya alumini ya sigara iliyokuwa pale. Karatasi ikaanza kutoa mapovu. Ilikuwa ni kostiki iliyobaki, fundi ameihifadhi kwa ajili ya fungu lijalo.

“Watoto wa jirani huingia humu?”

“Huingia, bibi.”

Bibi akaiandika chupa ile kwa kalamu nene, akaifunga kwenye mfuko, akaipandisha juu ya kabati. Ndipo akachukua sabuni moja, akaikata katikati. Kati ya moyo na weupe palikuwa na uwazi mwembamba unaopitisha ukucha. Upande wa chini palikuwa na punje nyeupe zinazovunjika kama chaki, na tundu lenye unyevu. Akagusa weupe kwa kidole kilicholowa, akapeleka kwenye ncha ya ulimi, akasukutua mara moja.

“Hii bado kostiki, mwanangu. Umeipamba kabla haijawa sabuni.”

Hicho ndicho kisa. Sasa funzo, maana kisa bila funzo ni umbea tu.

Funzo la kwanza ni kwamba mbinu hizi zinapingana, na anayetaka kuziunganisha lazima ajue zinapingana wapi. Sabuni ya baridi hujipasha moto. Ya kuyeyusha huogopa moto. Sabuni ya baridi hupoteza maji kwa wiki nyingi na kusinyaa; ya kuyeyusha haisinyai kwa kiasi hicho, kwa hiyo moyo uliowekwa ndani ya mwili mbichi utaachana nao mwili ukikauka. Sabuni ya baridi inataka hewa. Ya kuyeyusha, kwa glisirini yake nyingi, huvuta unyevu wa hewa na kutoa jasho, hasa pwani yetu, hivyo inataka kufungwa. Ukifunga, umeinyima ya baridi hewa. Ukiacha wazi, umeiacha ya kuyeyusha ilowe. Hakuna utepe unaomaliza ugomvi huo. Unamalizwa na mpangilio wa kazi.

Mpangilio wa kwanza ulio salama ni kuanza na sabuni ya baridi peke yake, bila haraka. Itengeneze, iache ikomae wiki zake zote, ipime, ndipo uikate maumbo: mioyo, nyota, vijiti, vipande vya rangi. Hapo ichukue hiyo iliyoiva uipachike ndani ya sabuni ya kuyeyusha. Kwangua uso wake kidogo kwa kisu, nyunyiza spiriti, na umimine sabuni angavu ikiwa kwenye nyuzi 50 hivi ili tabaka zishikane. Ukimaliza funga kwa nailoni. Sasa hakuna kinachosubiri hewa.

Mpangilio wa pili ni kuweka baridi ndani ya baridi. Mioyo nayo itengenezwe kwa sabuni ya baridi yenye rangi, ikatwe ikiwa imeshika, na baada ya siku chache ipangwe ndani ya mchanganyiko mpya. Haitapitisha mwanga kama kioo, lakini haitayeyuka kirahisi, na itasinyaa pamoja na mwili wake. Rangi nazo ziwe za kuvumilia kostiki. Udongo mwekundu wa vipodozi huvumilia. Unga wa mwani, ambao wanawake wa Unguja wanautia kwenye sabuni zao, hutoa kijani tulivu. Choya nyekundu haivumilii, na maua ya waridi na asumini hugeuka kahawia. Yatawanye kwenye sahani ya kupokelea wageni, yasikae ndani ya sabuni.

Mpangilio wa tatu ni kupika. Sabuni ya kupikwa hukaa juu ya moto mdogo kwa saa kadhaa mpaka kostiki yote imeshapata mafuta yake. Harufu hutiwa mwishoni, kazi kubwa ikiwa imeshakwisha. Ni nzito, haikubali mistari myembamba wala uso wa kioo, lakini ikishapoa ni sabuni tayari, ingawa wiki kadhaa za kukauka huifanya idumu. Ukipewa wiki tatu na mteja asiyeweza kungoja, chagua hii, au tengeneza zote kwa sabuni ya kuyeyusha, na umwambie mteja wazi unamuuzia nini.

Asidhani mtu kwamba kungoja ni udhaifu wa fundi mdogo asiye na mashine. Nablus, Palestina, sabuni ya mafuta ya zeituni huchemshwa, humwagwa sakafuni, hukatwa, kisha vipande hupangwa kuwa minara mirefu yenye nafasi za kupitisha hewa, na hukaa hapo mpaka vikauke. Aleppo, Syria, sabuni yao ya mafuta ya zeituni na ya mlaureli hukaa miezi mingi. Nje inakuwa ya dhahabu, ukiikata ndani bado ni kijani. Desemba 2024 UNESCO iliziweka kazi hizi mbili kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sabuni zao zimekwisha kupikwa, na bado wanangoja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Funzo la pili ni kwamba kanuni ya sabuni si kanuni ya mchuzi. Kwenye mchuzi ukikosa nyanya utaweka ukwaju, na mchuzi utaliwa. Kwenye sabuni, ukibadilisha mafuta, futa hesabu ya zamani na uanze upya, kila mafuta kwa kipimo chake, kisha punguza asilimia 5 ya kostiki. Pima kwa mizani inayoonyesha gramu, wala si kwa kikombe. Harufu mpya ijaribu kwanza kwenye kikombe kimoja cha mchanganyiko. Karafuu itie kidogo sana au ihamishie kwenye sabuni ya kupikwa, na hata huko usizidishe, kwa sababu mafuta ya karafuu yenyewe huwasha ngozi yakiwa mengi.

Kabla ya kuuza, pima. Karatasi za pH ni rahisi kupata. Sabuni ya mafuta na kostiki kwa kawaida husoma kati ya 9 na 10. Ikisoma 11 au zaidi, usiiuze. Pima mwanzo wa mche, katikati na mwisho, kwa sababu kostiki iliyojificha kwenye tundu haitajitokeza mahali pengine. Kipande chenye punje za chaki, chenye tundu la maji au kinachochoma ulimi hakirekebishwi kwa tabaka la kioo.

Funzo la tatu linahusu uhai, na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Kostiki iliyoyeyushwa haina rangi, na kwenye chupa ya maji inafanana na maji. Mtoto akiimeza inamuunguza koo na umio, na makovu yake yanaweza kumzuia kumeza chakula kwa miaka. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda, ya juisi wala ya maji. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko kigumu, kilichoandikwa, kilichofungiwa kwa kufuli. Yeyusha kiasi cha kazi ya siku hiyo tu. Vaa glavu, miwani ya kukinga macho, mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Fanyia kazi penye hewa, mbali na watoto na mbali na jiko linalowaka. Vyombo viwe vya plastiki ngumu inayohimili joto au vya chuma kisichoshika kutu, maana kostiki inapoyeyuka, maji yake yanaweza kufika nyuzi 90. Alumini marufuku.

Kostiki ikikumwagikia, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na kwa macho usikomee hapo bila kwenda hospitali. Usimimine siki wala limau juu ya kidonda. Mtu akimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na chombo cha kostiki nenda nacho ili daktari ajue anapambana na nini.

La mwisho ni la biashara. Tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, limewashika mkono wajasiriamali wadogo wengi katika kazi kama hizi. Nenda kajifunze na upeleke sabuni yako ipimwe. Na kabla hujafika huko, anza na daftari. Andika tarehe ya kila fungu, mafuta yake, kostiki yake, harufu yake, na tarehe ya kwanza ambayo sabuni hiyo inaruhusiwa kuuzwa. Mteja akija na sherehe yake, fungua daftari mbele yake. Kama tarehe haijafika, mwonyeshe, na umpe kilicho tayari. Akikubali, mmeelewana, akiondoka, umempoteza mteja mmoja na mtoto wa mtu hakuungua.